Kimya Si Sifuri

Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, walikuwa wakiwaonya wale wanaodhani kwamba asiyesema hana la kusema. Mtu akinyamaza, usimjazie maneno mdomoni. Na kitu kikinyamaza, usikitungie jibu. Watu wengi huijua methali hii, huiandika ubaoni, huitungia insha, kisha hutoka nje wakafanya kinyume chake. Mmoja wao alikuwa Bwana Firmin, mkurugenzi wa karakana moja ya mitambo mjini Likasi. Yeye alipenda zaidi usemi wa Wafaransa aliofunzwa shuleni: qui ne dit mot consent, yaani asiyesema neno amekubali. Usemi huo ulimfaa sana, kwa kuwa aliyekuwa akisema siku zote ni yeye.

Karakana ya Firmin ilitengeneza masanduku ya kulinda betri. Umeme ukikatika, sanduku lilishika zamu, likawasha taa kwa betri na kuziangalia betri hizo zisichoshwe kupita kiasi. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na kompyuta ndogo, kadi isiyozidi kiganja cha mkono, inayoendeshwa na mfumo endeshi ule ule unaotumika katika mashine nyingi duniani. Aliyeielewa kadi hiyo kuliko wenzake wote alikuwa Orpha, mhandisi kijana, mjukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba.

Orpha alikuwa mtu wa maneno machache, na si kwa kuzaliwa. Bibi yake alipata kufukuzwa mjini humo kwa sababu ya kabila lake, akarudi miaka baadaye na sufuria moja kichwani, na tangu hapo alikuwa na usia mmoja tu kwa wajukuu: "Mutoto, funga kinywa, utazeeka." Orpha akakifunga. Karakanani Firmin, ambaye wote walimwita Patron, yaani bosi, alimwita Mademoiselle Oui, Bi Ndiyo, na kila mkutano ulipokaribia kwisha alimnyooshea kidole akasema, "Orpha ananyamaza, njo kusema anakubali." Njo ya Likasi ni ndiyo ya kwingine. Wenzake walicheka. Naye alitabasamu kwa mdomo, moyo ukiwa umenuna.

Basi alasiri moja mvua ya radi iliishukia Kakontwe, pembezoni mwa Likasi, upande wa machimbo ya mawe ya chokaa, ambako hata majani ya mihogo huvaa vumbi jeupe kama unga. Umeme ukakatika. Katika kituo kidogo cha uzazi cha huko, sanduku jipya la akina Firmin lilishika zamu vizuri, taa zikawaka. Lakini kabla mama aliyekuwa kitandani hajajifungua, taa zote zikazimika. Mama Chérie, mkunga mkuu, aliibana simu yake kwa meno ili tochi imulike, akaendelea na kazi kwa mikono miwili. Mtoto akalia, mama yake akapona. Betri ndizo zilizokufa. Zilikufa kufa kweli, hazikuamka hata umeme uliporudi.

Panapokuwa na msiba hutafutwa mchawi, na kamati ya kituo haikuhangaika kumpata. Ilijulikana kwamba Mama Chérie huwaruhusu kina mama kuchaji simu zao kwenye sanduku. Wakasema yeye ndiye aliyezinyonya betri. Wakaitisha mkutano wa kumwachisha kazi na kumnyang'anya funguo za chumba cha uzazi, funguo alizozibeba tangu ujana wake. Mikono yake ilikuwa imewapokea nusu ya vijana wa Likasi, na Orpha alikuwa mmoja wao.

Orpha ndiye aliyetumwa kwenda kulichukua sanduku. Mama Chérie alimsindikiza hadi langoni.

"Mutoto yangu," alisema, "ba téléphone banachajiaka muchana, wakati courant ya umeme iko. Ile siku, na mvua ile, nani angeleta téléphone? Weye unanijua."

"Minakujua, Mama."

"Basi utasema?"

Orpha alitazama chini, akalibeba sanduku, akaenda zake. Njia nzima uso ulimwaka kwa aibu.

Kwenye meza yake ya kazi aliliweka sanduku hilo kando ya sanduku la zamani, akaanza kuyachunguza. Kila kadi hubeba maelezo yake yenyewe, yaliyochomwa ndani yake kiwandani: nina taa hizi, nina betri ya aina hii, usiishushe chini ya kiwango fulani. Sanduku likiwashwa, kiini cha mfumo endeshi, ambacho mafundi wa Likasi hukiita kwa Kifaransa noyau, huyasoma maelezo hayo na kuiuliza kadi sifa moja baada ya nyingine. Katika sanduku la zamani kiini kiliuliza betri isishuke chini ya kiasi gani, na kadi ikajibu. Kadi za masanduku mapya zilitoka kwa muuzaji mwingine, ambaye hakuiandika sifa hiyo. Kiini kiliuliza, kadi ikanyamaza. Na kiini, badala ya kusema kwamba hakikujibiwa, kiliandika sifuri kikaendelea na safari yake.

Sifuri! Maana yake ni kwamba betri inyonywe hadi tone la mwisho, na betri ya namna ile ikinyonywa hivyo haifufuki tena. Kiini kiliuliza "ni ngapi?" kabla ya kuuliza "iko?", neno ambalo kila mtoto wa Likasi hulitanguliza akitumwa dukani kununua chumvi.

Orpha aliegemea kiti akacheka peke yake, kicheko cha uchungu. "Noyau hii," alisema, "iko sawa na Patron muzima muzima."

Akaketi kuirekebisha. Maneno yake ndani ya kiini yalikuwa machache kama yeye mwenyewe: kwanza uliza kama sifa iko, kama haiko, usitunge namba, shika kiwango cha salama, na piga kengele watu wasikie. Akawapelekea marekebisho hayo walinzi wa kiini, wataalamu wa nchi za mbali wanaoamua nini kiingie na nini kibaki nje. Mmoja wao alimjibu kwa mkato: kosa liko kwenye kadi yenu, rekebisheni kadi. Orpha wa jana angeufunga ukurasa. Orpha wa siku ile, ambaye bado aliliona lango la Kakontwe kila alipofumba macho, aliandika: "Kadi ina haki ya kutojua. Kiini hakina haki ya kujua kwa niaba yake."

Alipompelekea Firmin habari hizo, mkurugenzi alisimama akafunga mlango.

"Unaona? Ata benye noyau banasema kosa iko mu carte," alisema. "Tutaandika namba mu ba carte ya mupya, pole pole, bila makelele. Maneno ya Kakontwe inaisha kupita."

"Na Mama Chérie?"

"Ule mama alikubali mwenyewe kama anachajiaka ba téléphone."

"Muchana, Patron. Hapana ile siku."

Firmin alipunguza sauti. Hakuwa mtu mbaya, na ndiye aliyemfundisha Orpha kushika chuma cha kulehemu; lakini safari hii aliogopa. "Orpha, masanduku yetu iko mu ba maternité ingine. Tukisema kosa ni yetu, karakana inafungwa. Batu yote ya hapa batakula nini? Weye utakula nini?"

Orpha alinyamaza. Alikuwa anayafikiria yale masanduku mengine, katika vyumba vingine vya uzazi, yakisubiri mvua nyingine.

"Voilà," alisema Firmin, akifungua mlango. "Qui ne dit mot consent." Akaondoka akipiga mluzi. Maskini, aliuliza akanyamaziwa, akaandika sifuri.

Siku ya mkutano, ukumbi wa kungojea wa kituo ulijaa. Mzee Tshimanga, mwenyekiti wa kamati, alikaa mbele na fimbo yake magotini. Mama Chérie alikaa pembeni, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, funguo mkononi, macho makavu. Alikuwa amekuja kufukuzwa akiwa nadhifu.

Firmin alisimama akasema kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba sanduku ni zima, na kwamba mtambo wowote huharibika ukitumiwa vibaya. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja.

"Ba mama na ba papa," alisema Mzee Tshimanga kwa sauti nzito, "muliisha kusikia. Kuko muntu anakataa?"

Ukumbi ukawa kimya. Wazazi waliozalishwa na Mama Chérie walitazama viatu vyao. Firmin akatabasamu. "Président, qui ne dit mot…"

"Minye ninakataa," alisema Orpha.

Vichwa vikageuka. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka nzima. Firmin alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia kuku akiongea. "Orpha, ikala chini."

"Sikale, Patron. Miaka yote hii minaikala." Akamgeukia mkunga. "Mama Chérie, wakati banakuletea muzazi mwenye kuzimia, na unamuuliza aina ya damu yake, na ananyamaza, unaandikaka nini?"

Mama Chérie alishangaa. "Siandike kitu. Naandika tu: haijulikane. Na naita musaada, sababu muntu mwenye haujue damu yake, unamuchunga kupita bote."

"Hauandike sifuri?"

"Sifuri!" Mkunga alikasirika waziwazi. "Ningeandika sifuri, ningekuwa muuaji."

"Basi noyau ya sanduku yetu njo iliandika sifuri," alisema Orpha. "Carte ilinyamaza, nayo ikasema imekubali."

Alikuwa amekuja na masanduku matatu, na kwa kila moja betri ndogo ya pikipiki iliyokwisha kuchoka pamoja na balbu. Akayapanga juu ya benchi, akayawasha mawili ya kwanza. Sanduku la zamani lilitoa mwanga kwa muda, likaona betri imeshuka, likajizima lenyewe. Betri ikabaki hai. Sanduku jipya, ndugu wa lile la Kakontwe, liliwasha taa likaendelea kuiwasha. Taa ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la moto, ikafa na betri yake. Katika ukumbi ule hapakuwa na simu iliyochajiwa. Watu waliitazama ile balbu iliyokufa, kisha wakamtazama Mama Chérie, na wengine hawakuweza kumtazama.

"Hii ya tatu iko sawa na ile iliyokufa," alisema Orpha. "Carte ni ile ile, inanyamaza vile vile. Noyau tu njo nilitengeneza."

Akaliwasha. Sanduku la tatu lilipiga kengele kali ya kutoboa masikio, iliyojaza ukumbi, ikatoka madirishani, ikawashtua mbuzi waliokuwa barabarani. Vitoto vichanga vikaanza kulia wodini. Mzee Tshimanga aliziba masikio. Orpha hakuizima upesi. Aliiacha ilie, akiwa amesimama kando yake ameinua kidevu, na katika maisha yake yote hakuwahi kusikia sauti iliyompendeza kama ile.

Ilipotulia, Mzee Tshimanga alikohoa. "Mama Chérie," alisema, "bakia na funguo yako. Na utusamehe."

"Nitasamehe kesho," alisema Mama Chérie. "Leo ningali na kasirani." Akazifunga funguo kwenye ncha ya kitenge chake, akaenda kuvibembeleza vichanga.

Firmin alibaki amesimama, jasho likimtoka. Orpha alimwendea mbele ya watu wote.

"Patron, masanduku yote iliyoenda mu ba maternité, tunairudisha, tunaitengeneza?"

Firmin hakujibu.

"Unanyamaza," alisema Orpha. "Ningekuwa weye, ningesema unaisha kukubali. Lakini minye siandike oui mu kinywa ya muntu. Ninauliza tena, mbele ya bantu: tunairudisha?"

Firmin aliutazama ukumbi, akaitazama ile balbu iliyokufa. "Tunairudisha," alisema. "Yote. Ata kama tutafunga."

Hawakufunga. Walirudisha masanduku yote, Firmin mwenyewe akiendesha gari, na wale walinzi wa kiini walioko mbali, baada ya kubishana wao kwa wao, waliyapokea marekebisho ya binti wa Likasi. Jina la Mademoiselle Oui lilikufa siku ile ile pale Kakontwe, bila matanga. Na Firmin hata leo, akiendesha mkutano, hathubutu kuufunga kabla ya kumzungukia kila mtu na kumuuliza kwa kinywa chake, hasa wale walionyamaza. Kwa maana alikwishajifunza, tena kwa masikio yake mwenyewe, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.