Shela ya Bi Jua na Madoa Yake

Mko macho?
Tuko macho.
Mmeshiba?
Tumeshiba.
Niseme?
Sema, shangazi.

Basi hapo kale, kale ya bibi yake bibi yangu, Bi Jua alikuwa na shela. Nyinyi hamuioni, na mimi siioni, nuru yake si ya macho yetu. Anayeiona ni Nyuki. Inawaka, inapepea, imemzunguka Bi Jua mwili mzima.

Lakini Bi Jua kachoka, jamani. Kuamka yeye, kutia joto yeye, kukausha nguo za watu yeye. Hana Ijumaa, hana Idi. Na usoni yamemtoka madoa, meusi, yamejaa.

Jirani yake Mwezi akamwambia, "Shoga, uso huo vipi? Paka liwa."

Eti Mwezi ndiye wa kusema uso wa mtu. Na ule wake ulivyo na mabaka, si mmeuona.

Bi Jua akasaga liwa, ule mti wa kunukia, akapaka. Madoa yakapungua. Akapaka tena. Yakapungua. Akapaka tena. Uso ukatakata, hakuna hata doa.

Ndipo Nyuki akapiga hodi. "Shikamoo, bibi. Shela imepatwa na nini? Imefifia. Kichwani tundu, miguuni tundu, upepo unapita tu."

Bi Jua akakaa chini. "Kumbe yale madoa ndiyo mafiga ya moto wake. Nimeuzima kwa mkono wangu. Kamwambie Jogoo kesho asiniite. Sitoki."

"Usipotoka maua hayafunguki. Wanangu watakufa njaa."

"Nimechoka, Nyuki."

"Najua, bibi. Hata mimi mbawa zimechanika."

Nyuki akatua begani kwake.

"Na liwa haikufanya kitu, madoa yameondoka yenyewe," Nyuki akasema. "Mama kaambiwa na bibi, bibi kaambiwa na bibi yake. Miaka kumi na kitu hivi, madoa yanajaa, shela inawaka. Yanaisha, shela inafifia. Halafu yanajaa tena."

"Wewe utaiona ikiwaka?"

"Mimi? Maua haya yakipukutika nimeshakwenda zangu. Lakini toka, bibi. Toka hivyo hivyo."

Akatoka hivyo hivyo, na matundu yake. Nyuki akafa. Akaja binti, akafa. Akaja mjukuu, akafa. Bi Jua anatoka tu, anaburuta miguu.

Hata siku moja, doa. Likaja la pili. Yakajaa. Matundu yakaziba, shela ikashika moto, ikawaka mpaka kinyuki kimoja kikasahau ua lake.

"Bibi, leo umevaa."

Bi Jua akakitazama sana. "Nyanya yenu mmoja," akasema, "alinikuta sina nguo mwilini, akanitoa nje hivyo hivyo."

Basi, wanangu, ukichoka usijihesabu umekufa. Toka hivyo hivyo.

Hapo nimetua mzigo wangu. Anayetaka zaidi anikande miguu kwanza, na asinifinye.