Khanga Iliyosahaulika Shambani

Wapendwa, wengine wenu mmeshaanza kutazama saa na mimi sijasema hata neno moja. Nivumilieni. Leo nina habari ya mtu mmoja na sufuria yake ya jamu.

Mtu huyo alikuwa mpima ardhi mstaafu, mkazi wa milimani kwenye baridi, kule ambako stroberi hukubali. Alikuwa mtu wa vipimo. Akikuambia ukuta wako umepinda, hubishani naye, unabomoa. Mkewe alikuwa amefariki, na ulikuwa umebaki mwezi mmoja kufikia ibada ya kumbukumbu ya mwaka wa kwanza. Ukoo ulipokutana kupanga wageni wapewe nini baada ya ibada, yeye alisema: chai, mkate, na jamu ya marehemu.

"Nani ataipika?" wakamuuliza.

"Mimi."

Watu wakatazamana. Jamu ile ilikuwa inajulikana. Kila msimu mama yule aliipika na kuigawa: kwa aliyejifungua, kwa aliyelazwa, kwa jirani aliyehamia jana. Mumewe hakuwa hodari wa kusimama mbele ya watu na kumsifu. Alijisemea kwamba ataweka mezani kitu kimoja cha mkewe, nacho kitasema kwa niaba yake. Hicho tu ndicho alichokitaka.

Sasa, huko kuna shamba ambako mgeni hupewa ndoo getini, akaingia mwenyewe kati ya matuta na kuchuma anachokipenda. Yeye na mkewe walikuwa wamekwenda pale kila msimu kwa miaka ishirini na sita. Safari hii alikwenda peke yake. Alichuma kwa makini, moja moja, zile nyekundu kabisa. Yoyote yenye weupe shingoni, karibu na kikonyo, aliiacha. Nyumbani akapima matunda, akapima sukari, akakamua limau kama alivyokuwa akimwona mkewe, akachemsha. Kilichotoka kilikuwa uji mwekundu.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kutazama maendeleo. Akaiinamisha chupa, jamu ikakimbilia mdomoni.

"Shemeji, hii tupake au tunywe?"

"Itaganda ikipoa."

"Imepoa tangu jana."

Mzee akarudi shambani, akachuma tena, akachemsha mara mbili ya muda ule. Ikawa nyeusi, mwiko ukanasa humo. Shemeji akaigonga jamu kwa ukucha. "Hii nayo tutaikata kwa panga," akasema.

Basi mzee akaanza kutafuta mkosaji. Alilaumu sukari. Alilaumu sufuria, akanunua nyingine. Alilaumu moto wa gesi, akahamia kwenye mkaa. Alilaumu mvua za mwaka ule. Mmewahi kuishi na mtu ambaye hakosei? Anachosha sana. Nasema kwa kujua.

Zikiwa zimebaki siku mbili, alifika shambani kwa mara ya tatu. Akachuma ndoo nzima, akaileta getini na kuitua mbele ya mwenye shamba, mwanamke mtu mzima aliyemfahamu tangu zamani.

"Mama, jamu yangu imekuwa uji. Mmebadilisha mbegu."

"Hatujabadilisha."

"Basi ni mbolea."

"Samadi ni ileile, ya ng'ombe walewale. Hebu nione ulichochuma, baba." Akachungulia ndoo. "Zote zimeiva."

"Ndiyo maana nimezichuma."

"Basi ni uji tena. Jamu ya zilizoiva tupu haigandi. Inataka na zile ambazo hazijaiva vizuri, za shingo nyeupe. Zile ndizo zinazoigandisha. Mkeo alikuwa anazibeba kila mwaka."

"Mke wangu hakuzibeba," alisema. "Ndoo yake nilikuwa naikagua mwenyewe, hapahapa."

Na ilikuwa kweli. Kila msimu, kabla ya kuondoka, aliinama juu ya ndoo ya mkewe na kuzitoa zile za shingo nyeupe, moja baada ya nyingine, akizitupa kwenye nyasi. "Tumekuja kuchuma au kuokota?" alimwambia. Mkewe alijibu, "Haya." Wakaingia garini. Na kila msimu, injini ikishawashwa, mkewe alisema, "Jamani, nimesahau khanga yangu," akashuka na kurudi. Mume akabaki akigonga usukani kwa vidole. Kisha akapiga honi. Kisha akapiga tena. Miaka ishirini na sita, shamba lilelile, khanga ileile. Kisa hicho alikisimulia hata kwenye harusi za watoto wao, watu wakacheka usahaulifu wa mama, na mama akacheka pamoja nao.

Mwenye shamba akaisogeza ndoo kando.

"Ile khanga hakuwahi kuisahau, baba. Aliiacha makusudi. Wewe ukishaingia garini, yeye anarudi kuokota ulizozitupa, anazifunga kwenye khanga. Mimi nilikuwa namsaidia, maana ulikuwa na haraka na honi yako."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia, mwaka wa kwanza. Alisema ulimuuliza hayo amesomea chuo gani."

Mtu yule alichukua ndoo, akarudi kwenye matuta, akaanza kutafuta zenye shingo nyeupe. Alipotoka, alipita kwenye nyasi za getini na kusimama pale kidogo, ingawa hapakuwa na kitu.

Siku ya kumbukumbu, jamu ilisimama kwenye kijiko. Shemeji alipaka mkate, akauma, akatafuna polepole, akauweka chini.

"Hii ni ya dada," alisema. Hakutania tena siku ile.

Sasa niwaulize ninyi mliokaa hapa. Jumanne tumekaa kikao cha saa tatu na nusu tukijadili kwa nini usharika wetu haushikamani. Mwaka jana tulikaa kikao hichohicho. Tumelaumu vipaza sauti, tukanunua vingine. Tumelaumu muda wa ibada, tukausogeza mbele, kisha tukaurudisha. Tumemlaumu mchungaji aliyetangulia, na najua zamu yangu iko njiani. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, jamani, hebu tutazame ndani ya ndoo.

Ni nani aliyewatoa wale vijana kwenye kwaya kwa sababu hawajajua kusoma nota? Ni nani aliyemwambia yule binti arudi siku atakayokuwa amejifunza kuvaa? Yule baba aliyekuja Jumapili mbili mfululizo akinuka pombe, akakaa benchi la nyuma bila kumsumbua mtu, nani alimfuata mlangoni na kumwambia aache kwanza ndipo aje? Mnamjua. Na mimi namjua, kwa sababu nilikuwepo na nikanyamaza.

Tumeikagua ndoo, wapendwa. Tumefanya kazi safi. Tumebakiza walioiva. Hebu tazama jirani yako: ameiva. Anajua nyimbo zote, anajua wapi pa kusimama na wapi pa kukaa, anajua kiti chake na ole wake atakayekikalia. Sote tumeiva hapa, na tunamwagika kama uji.

Halafu tunao ujasiri wa kumlalamikia Mungu. Kila mkesha wa maombi nasikia maneno yaleyale: Bwana, mbona umekawia? Bwana, tumekungoja mno. Tumekaa zetu garini, milango imefungwa, injini inanguruma, tunapiga honi. Na hatujiulizi, hata mara moja, amerudi kufuata nini.

Hajasahau kitu. Ameinama kule kwenye nyasi, anawaokota tuliowatupa.

Acheni honi. Shukeni mkamsaidie.