Ngwali Mpika Chumvi na Karibu Aliyoiuza

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayetaka kutoka atoke sasa. Hadithi hii ina zimwi, na mimi sipendi mtu anikatize zimwi likiwa mlangoni.

Palikuwa na mtu akiitwa Ngwali, mpika chumvi. Kijiji chao kizima kilikuwa cha wapika chumvi. Walichota maji kwenye chemchemi ya chumvi, wakayamimina majunguni, wakachochea moto tangu alfajiri hadi alasiri, mpaka maji yakakauka na chumvi ikabaki chini. Kwa moto ule na chumvi ile, hapakuwa na mtu pale ambaye koo lake halikauki.

Na kijiji hicho kilikuwa na sifa moja, ukarimu. Ukibisha hodi, hujamaliza hata neno, umeshajibiwa karibu. Wewe nani, unatoka wapi, unataka nini, hayo waliuliza baada ya kukulisha. Na mwenye kuitikia ni baba wa nyumba. Akiwepo yeye, mke haitikii. Baba akibishiwa hodi tatu akanyamaza, basi ni aibu, atasemwa mpaka siku ya mazishi yake.

Sasa Ngwali alikuwa mlevi. Kwa nini nimsitiri? Alikuwa mlevi. Akipata kanda la chumvi, analipeleka kwa wauza pombe. Chumvi ikiisha, anapeleka jembe. Jembe likiisha, anapeleka mkeka. Siku moja alipeleka hata kinu, mkewe akawa anatwanga kwa jirani mwaka mzima. Watu walisema mpaka wakachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mkewe, Mwanakheri, alikaa miaka saba bila mtoto. Mwaka wa nane akajifungua mtoto wa kike. Ngwali alipokisikia kile kilio, alikaa kizingitini akalia na yeye, akaapa hatatia pombe kinywani tena.

Mwanakheri alikuwa na kaka wawili, na mkubwa wao akiitwa Msabaha, mtu wa maneno machache. Alikuja, akamtazama mtoto, kisha akamtazama Ngwali.

"Shemeji, kuapa umeshaapa mara nyingi," akasema. "Siku ya arobaini, mama na mtoto watakapotolewa nje, tutakuja. Tukikuta umekunywa, tunaondoka na dada yetu na mtoto wake, na hutawaona tena."

Ngwali akasema sawa. Aseme nini?

Basi, siku ya kwanza ikapita, mikono inatetemeka. Ya pili ikapita, hakulala. Ya tatu ikapita, akamfokea hata mbuzi. Siku zikaenda. Kumi, ishirini, thelathini. Asubuhi alikuwa mzima. Lakini alasiri, moto ukizimwa na watu wakitawanyika, kiu ilimjia kwa kishindo, na kichwani mwake hamkuwa na kitu kingine. Alikwenda nyumbani mbiombio kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akajifungia ndani, akakaa na hofu yake. Hakumwambia mkewe. Aliona haya.

Siku ya thelathini na saba, akirudi, aliona kibanda kwenye kona ya njia. Kibanda kile jana hakikuwepo. Mlangoni alikaa mzee mnene, amejifunga shuka nyeupe, kata mkononi, mtungi wa pombe mbele yake. Harufu ikamfika Ngwali puani. Mzee akaimba polepole:

*Ngwali, Ngwali, kimoja tu,*
*koo limekauka, kimoja tu,*
*nani atajua? Kimoja tu.*

Ngwali akakimbia. Alifika nyumbani hana pumzi, mkewe akamuuliza kulikoni, akasema ameona nyoka.

Siku ya thelathini na nane alipita njia nyingine, ile ya mzunguko inayopita makaburini, njia isiyo na watu. Kibanda kilikuwa huko. Mzee yuleyule, kata ileile:

*Ngwali, Ngwali, kimoja tu,*
*koo limekauka, kimoja tu,*
*nani atajua? Kimoja tu.*

Miguu ilisimama yenyewe. Akajipiga mapaja kwa ngumi ndipo ikaenda.

Siku ya thelathini na tisa alifanya kosa. Alitaka amalize kazi upesi asipite njiani peke yake, kwa hiyo alichochea moto tangu kulipokucha, hakula, hakunywa hata funda la maji. Alasiri wenzake wakawa wameshaondoka, yeye bado anakwangua jungu. Akatoka na kanda lake la chumvi, ulimi umeganda kinywani. Na kibanda, wanangu, kilikuwa nyuma ya shamba lake mwenyewe la mtama. Paa la nyumba yake lilionekana pale.

Mzee hakuimba kwanza. Alichota kata moja, akaimimina kibuyuni taratibu, ili Ngwali aisikie ikilia.

Ngwali akajisemea moyoni: nitanunua tu. Kununua si kunywa. Nitakiweka ndani, nikijua kipo, roho itatulia. Mnamsikia? Ndivyo mtu anavyojidanganya. Akaweka kanda la chumvi chini.

Mzee akalisukuma kwa mguu. Akasema chumvi hataki.

"Sasa nikupe nini?"

"Nipe karibu moja. Kesho jua likielekea kuzama nitabisha hodi kwako. Uitikie karibu. Basi."

Ngwali nusura acheke. Karibu! Kijiji kizima kinatoa karibu bure, hata kwa mbwa wa watu. Akasema haya, umeipata. Akakipokea kibuyu. Mzee akatabasamu, na tabasamu lile halikuisha upesi, meno yakawa yanaendelea tu mpaka karibu na masikio.

Ngwali akaenda nyumbani, kibuyu amekificha chini ya chumvi. Akakiweka uani nyuma ya kuni. Ndani, Mwanakheri alikuwa akimwimbia mtoto. Ngwali akakaa karibu na kuni. Akaondoka. Akarudi. Mara tatu alikishika kibuyu, mara tatu alikirudisha. Mara ya tatu alikuwa ameshang'oa kizibo.

Ndipo lilipomjia wazo. Mbona yule mzee hakutaka chumvi? Mfalme anataka chumvi, maskini anataka chumvi, ng'ombe analamba mawe kwa kuitafuta. Nani ulimwenguni hali chumvi? Zimwi ndilo lisilokula chumvi. Na zimwi haliingii nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba aliambie karibu kwa kinywa chake. Na zimwi linapoingia nyumba yenye mtoto mchanga, halitafuti ugali.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilimjua Ngwali miaka mingi, na lilikuwa limekwisha kumlia jembe, mkeka na kinu. Sasa lilitaka kumaliza.

Alikaa pale akiwaza. Akimwambia mkewe, kesho kaka zake watamchukua. Asipomwambia, kesho zimwi litamchukua mtoto. Mwishowe aliingia ndani na kibuyu chake mkononi, akapiga magoti, akasema yote. Kona ya njia, makaburi, shamba la mtama, karibu aliyoiuza. Hakubakisha.

Mwanakheri alikuwa na hasira, msidhani hakuwa nayo. Alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika.

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Leo umekunywa maji?"

Ngwali akafikiri. Akasema hajanywa maji tangu asubuhi.

"Kunywa kwanza," akasema Mwanakheri. "Halafu tutazungumza."

Akanywa kata ya kwanza, akanywa ya pili, akanywa ya tatu. Nusu ya kiu ikafa palepale. Miaka yote hiyo alidhani kiu ni moja, kumbe zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya maji tu. Lakini ile nusu nyingine haikufa. Ilikaa kooni inamngoja.

Mkewe akamuuliza jungu likifura mpaka kutaka kumwagika, wapika chumvi hufanya nini. Ngwali akasema hulipigi, hulifuniki. Unatoa kuni, unakaa, linashuka lenyewe. "Basi toa kuni," akasema Mwanakheri, akakitazama kibuyu.

Ngwali akatoka nacho uani. Akainamisha, mkono ukagoma. Akainamisha tena, mkono ukagoma. Mara ya tatu akafumba macho, na pombe ikatoka kwa kishindo, ikanukia ua mzima, na yeye akasimama pale machozi yakimtoka kama mtu anayezika. Kisha akakaa chini akangoja kiu ishuke. Ilipanda, ikapanda, akadhani atakufa. Halafu ikashuka. Hakufa.

Basi, siku ya arobaini ikafika. Pilau imepikwa, mtoto ameogeshwa. Ngwali alishinda amekaa nyuma ya mlango uliofungwa. Jua likaanza kuinama.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya Msabaha, shemeji yake. Ngwali akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi, shemeji."

Ulimi ukainuka wenyewe. Tangu utoto wake hajawahi kuiacha hodi bila jibu. Ile karibu ilimpanda kooni kama ile kiu, ilikuwa kitu kilekile hasa. Akauma shuka.

"Hodi, Ngwali. Nimekuja kumwona mtoto."

Akangoja. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito, ikaingia kwenye upenyo wa mlango pamoja na harufu:

*Ngwali, Ngwali, kimoja tu,*
*neno moja, kimoja tu,*
*ulishaliuza, kimoja tu.*

Nyumba ikatikisika. Mwanakheri alikuwa amejikunyata pembeni na mtoto. Ngwali hakusema kitu. Sauti ikapanda, ikapanda, halafu ikashuka. Nyayo nzito zikasogea kando.

Hajakaa vizuri, akasikia tena.

"Hodi."

Sauti ya Msabaha vilevile. Sasa huyu nani? Akiwa ni zimwi, akiitikia mtoto ameliwa. Akiwa ni shemeji, asipoitikia ni tusi, na mke na mtoto wanaondoka leo. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama. Hata yeye hakujua.

"Hodi, shemeji."

Kimya.

"Hodi kwa mara ya tatu." Na sauti nyingine, ya kaka mdogo, ikasema huyu mlevi amelala kalewa, tuvunje mlango tumchukue dada yetu.

Ngwali akasimama. Aibu ilimchoma usoni, majirani wote walikuwa wamekusanyika nje kwa ajili ya karamu. Akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Mashemeji, lile neno siwezi kulisema. Nililiuza jana kwa kibuyu cha pombe. Aliyelinunua ni zimwi, na liko hapo nje. Nikilitamka, litaingia."

Msabaha akauliza, "Umekunywa?"

"Nilinunua. Sikunywa. Nilimwaga."

Ngwali aliweka paji la uso mlangoni akangoja hukumu yake.

"Fungua mlango, shemeji," akasema Msabaha. "Tutaingia bila kukaribishwa."

Ngwali akafungua. Msabaha, ambaye maishani mwake hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila karibu, akainua mguu, akavuka kizingiti. Mdogo wake akavuka. Majirani wakavuka, mmoja mmoja, kimyakimya, mpaka nyumba ikajaa. Nyuma yao wote alisimama mzee mnene wa shuka nyeupe. Naye akainua mguu. Ukagota hewani. Akauinua tena, ukagota. Akauinua mara ya tatu, ukagota, maana zimwi haliwezi kuingia bila karibu. Asiyehitaji karibu ni ndugu tu. Likageuka, likaenda zake porini likiimba.

Mtoto akatolewa nje mikononi mwa mjomba wake, na karamu ikaliwa.

Zimwi halikufa, wanangu. Nisiwadanganye. Lilirudi alasiri ya kesho yake, na alasiri nyingi baadaye. Ngwali alikunywa maji yake, akakaa na mkewe, akalingoja lipite. Na neno lile hakulisema tena, hata alipozeeka. Wageni waliomwona bubu mlangoni walimwita mchoyo, akavumilia. Waliomjua walijiingilia tu.

Basi hadithi yangu nimeifikisha, naitua hapa mlangoni kwa Ngwali. Funzo lake ni hili: si kila hodi huitikiwa. Tamaa ikibisha, ngoja, itapita. Na ikikuzidi nguvu, usijifungie nayo peke yako. Sema, walio ndugu zako wataingia.