Mkataba wa Mize Mpishi

Bwana Mselem hakuwa mtu wa kuachia alichokishika, sembuse mpishi. Mize, aliyemwajiri kwa mkataba wa miaka miwili, alipopata mchumba na kuomba kuondoka mapema, bwana huyo alicheka tu, kifua wazi, huku akijipakulia biriani tena.

"Ukivunja mkataba, utanilipa."

"Basi nabaki, bwana," Mize akasema kwa upole. "Ila kazi imenielemea, nikamwomba mama mkwe wako aje kunisaidia. Kakubali. Atalala humu humu."

Tonge likamkwama Bwana Mselem kooni. Mbele ya mkwewe hakuthubutu kupaza sauti, kukaa bila shati, wala kula mpaka akashiba.

"Atakaa mpaka lini?"

"Mpaka mkataba wangu uishe."

Papo hapo sauti ya mwanamke mtu mzima ikapiga hodi mlangoni. Bwana Mselem akasukuma sahani, akakimbilia shati.

"Umeisha leo!" akanong'ona. "Sikudai kitu. Nenda kaolewe, na mkwe wangu umrudishe kwake!"

Mize akachukua sanduku lake, alilokwisha kulifunga tangu asubuhi, akatoka.

"Vipi?" akauliza yule mwanamke.

"Tayari, shangazi. Twende upesi, kabla mkweo hajatoka kukupa shikamoo."