Mkono Uliochelewa Kufunguka

Jumanne, saa nne asubuhi, mwuza vitunguu mmoja aliuawa sokoni kwa kushika mkoba.

Ni mfano, ndugu zangu. Msiniulize ni soko gani.

Mtu huyo alizaliwa na kasoro katika jeni moja, ile yenye maelekezo ya kutengeneza protini inayosaidia msuli uliokaza ulegee. Akishika kitu ghafla, vidole vilibaki vimefumba. Baada ya muda wa kusali Baba Yetu, vilifunguka vyenyewe. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mkewe, akimpokea kikombe cha chai, hakukivuta. Alisubiri huku akiongea mambo mengine.

Siku hiyo lori lilipiga honi nyuma yake. Akashtuka, miguu ikakakamaa, na katika kuanguka akadaka mkoba wa mwanamke aliyekuwa anapita. Mwanamke akamtaka auachie.

"Dada, nisubiri kidogo. Mkono umekaza. Siwezi kuuachia."

Mchukuzi mmoja akamwinamia. "Umekaza ukafikia mkoba? Mbona nguzo ipo hapo, haukukaza kwenye nguzo?"

Watu wakacheka. Mwanamke akasema labda ni mgonjwa, wamwache kwanza. Wakamjibu kwamba huruma kama yake ndiyo inayolea wezi. Teke la kwanza hakuna aliyekiri kuwa ni lake. Mateke na mawe yaliyofuata yalikuwa ya wengi, na kila aliyepiga alisema neno lile lile: achia.

Je, sisi tungesubiri? Baba Yetu tunaisali hapa kila Jumapili, tena tunaikimbiza ili tuwahi matangazo. Binti akituambia hawezi kurudi kwa mumewe, tunasema hataki. Mzee akiacha kuja ibadani, tunasema imani imepoa, na hakuna aliyekwenda kuuliza kama magoti yake bado yanapanda mlima huu. Mtu anatuambia siwezi, sisi tunamjibu kwa kumpiga. Na tukishaanza kupiga, hatuangalii tena kile tulichokuwa tunakidai.

Polisi walipofika, mwuza vitunguu alikuwa amekwisha kufa. Mwanamke alikuwa amesimama kando, mkoba begani. Aliwaeleza kwamba mkono ulifunguka wenyewe kabla jiwe la kwanza halijarushwa. Akasema hapo hapo aliuinua mkoba juu ili watu wauone, akawaambia anao.

Waliendelea kumpiga, wakimwambia achia.