Kwa Nini Pantoni Letu Halina Kisogo

Nyie mnaosubiri pantoni huku mmenuna, sogeeni hapa. Kununa hakujawahi kuvuta chombo. Enzi hizo ghuba yetu ilivukwa kwa makasia, ndani ya mashua pana yenye mlango mmoja tu, upande wa mbele. Kila ilipoondoka ilirudi nyuma kidogo, ikageuka, ikawapa kisogo waliobaki ufukweni. Wenzetu wa Mtangani, ng'ambo ile, na sisi wa Kibondeni hatukuona ajabu yoyote.

Lakini Kibondeni tulikuwa na desturi yetu. Mume aliyemwacha mkewe na kumrudisha kwao hakuwa na uso wa kuwatazama wakwe. Basi mashua iliyomleta mke huyo ilikuja kinyumenyume, na watu wakiiona tu kwa mbali walijua kuna ndoa imevunjika.

Sasa, kulikuwa na binti wa Kibondeni, Mwanasiti, aliyeposwa na Vuai wa Mtangani. Walipendana hao, msidhani mapenzi mmeyaanzisha nyinyi. Siku ya harusi, Nahodha Shaame alipakia ukoo mzima wa Vuai, pamoja na ngoma, mbuzi na masanduku ya nguo za bibi harusi. Mashua ikajaa pomoni. Shaame akaona akithubutu kuigeuza kwenye mkondo, itapinduka na kumwaga watu wa harusi. Kwa hofu ile, desturi yetu ikamtoka kichwani, akawaamuru wapiga makasia waende vivyo hivyo, nyuma mbele.

Ufukweni vigelegele vikakatika. Mzee Mbwana, babake Mwanasiti, akashika kiuno.

"Hata hajaolewa, keshaachwa?" akauliza.

Akaenda kufunga mlango wa nyumba, akaapa harusi haipo. Shaame akamfuata kuomba radhi, akasema atawashusha watu, aigeuze mashua ikiwa tupu, kisha aingie upya kwa heshima. Mzee akakataa. Alisema ikija kwa uso itaondoka kwa kisogo, na mwanawe hatatolewa kwake kwa kisogo. Tangu lini alianza kuliona hilo, hakuna aliyejua. Mkaidi yule ni wa ukoo wetu, kwa hiyo namfahamu vizuri.

Ndani, Mwanasiti alisikia yote. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi, asiweze hata kujifuta machozi. Alilia, kisha akachoka kulia, akakasirika. Akatoka mpaka uani, wanawake walikokuwa wakipakua pilau, akaagiza baba yake aitwe.

"Baba," alisema, "sinia hili uso wake uko upande gani? Watu hulizunguka, na kila mmoja liko mbele yake. Chongeni chombo cha namna hiyo, nami niolewe."

Mzee Mbwana akalitazama sinia. Akalizunguka, watu wakimwangalia. Mwishowe akacheka, na mlango ukafunguliwa.

Mafundi wa pande zote mbili wakaikata mashua sehemu ya nyuma, wakaunga hapo sehemu ya mbele ya mashua nyingine kuukuu ya Shaame, pamoja na mlango wake. Pilau ikaliwa ikaisha, ikapikwa nyingine. Misumari iligongwa kwa kufuata ngoma, na wakwe waliokuja kwa siku moja wakawa wenyeji. Aliyekosa raha ni Bi Tatu, mamake Mwanasiti. Alijua chombo kikikamilika, mtoto anaondoka.

Siku ya kuondoka, Bi Tatu aliingia majini mpaka magotini, akingoja kupewa kisogo kama ilivyokuwa siku zote. Lakini mashua haikugeuka. Iliondoka huku inamtazama, na Mwanasiti amesimama kwenye mlango uleule aliopandia, mikono yake myekundu juu. Mama na mwana walitazamana maji yote yale. Bi Tatu akapiga kigelegele, na ng'ambo wakakiitikia.

Na tangu siku hiyo chombo cha ghuba hii, hata hili pantoni la chuma na injini yake, kina milango miwili na hakina kisogo. Unaingilia huku, unatokea kule. Haya, hilo linafika. Pandeni taratibu. Na wewe uliyesindikizwa na mama yako, usikimbilie kiti. Simama mlangoni mpaka uvuke.