Kung'uto la Nyamizi

Pombe ya Jumbe Lugendo ilikuwa haijawahi kumlevya hata nzi. Siku moja alikwenda kwa Nyamizi, mpika pombe hodari, akadai kung'uto lake la kuchujia.

Nyamizi akamtolea kuukuu, lililoganda machicha ya miaka. "Chukua hili, Jumbe. Lile jipya niachie, nakuomba."

"Unanipa uchafu ili ubaki na zuri?" Jumbe akanyakua jipya. Nyamizi akalia mpaka kanga ikalowa.

Siku ya karamu wageni walikunywa kutwa bila kulewa. Wakasikiliza majigambo ya Jumbe wakiwa na akili timamu, wakaondoka mmoja mmoja. Aliwakuta kwa Nyamizi, wakiimba.

"Umenidanganya," alisema.

"Mimi? Machicha yale ndiyo hamira, Jumbe. Nilikupa mkononi, ukayaita uchafu."